Chenga za Televisheni ya Masanja

Kuna mchana mmoja kule Kayenze haujanitoka kichwani, mwanangu. Ni ule mama yangu alipotuambia, bila hata kupepesa macho, kwamba televisheni inamwita ziwani.

Kaka yangu Masanja alikuwa amezama akivua dagaa, na mwili haukupatikana. Kwetu mwili usipoonekana msiba haufungwi upesi. Watu wanakaa tu wakitazama maji. Televisheni aliinunua yeye, tukaiwasha kwa betri ya gari. Mchana stesheni zilikuwa hazijaanza matangazo, kwa hiyo ilionyesha chenga tupu na kuvuma shhhh. Mama akakaa mbele yake, chakula hataki.

"Ni Masanja," akasema. "Yuko chini ya maji, ananiita."

Asubuhi hiyo jirani alikuwa amemtoa mama ziwani, maji yamemfika kifuani. Yesu wangu!

Nilikuwa likizo, nasomea ualimu wa fizikia, na ujuzi ulikuwa umenijaa hadi puani. Nikanyoosha mkono nichomoe waya. Babu yangu mzaa baba akanishika.

"We kijana, ukiizima ataendelea kuisikia kichwani. Kama unaijua hiyo sauti, mwambie. Kama huijui, kaa chini. Mwenda pole hajikwai."

Nikakaa. Nikamweleza mama kwamba hapo mwanzo ulimwengu wote ulikuwa umebanana, moto kupita tanuru lolote, kisha ukatanuka na kupoa. Joto lile halikwisha. Limebaki mawimbi hafifu yaliyojaa kila mahali. Wataalamu waliyanasa kama mvumo kwenye antena yao, wakadhani ni uchafu wa njiwa waliolala humo. Wakasafisha, mvumo ukabaki. Nikamwambia pia kwamba mvumo wa kwetu mwingi ni wa mashine yenyewe, na ule wa kale ni sehemu ndogo tu, maana kumdanganya mfiwa ni dhambi.

"Hiyo ya kale inatoka upande gani?" akauliza.

"Pande zote, mama. Sawasawa."

"Masanja yuko upande mmoja."

Akatoka nje, akashika mlingoti wa antena mwenyewe. Nyie wa ving'amuzi hamjui kazi ile: mmoja anageuza, mwingine yuko ndani anapaza sauti. Akaielekeza ziwani.

"Inasemaje?"

"Ileile, mama!"

Akageuza upande wa Bujora. Ileile. Upande wa Misungwi. Ileile. Akailaza antena itazame mbinguni, na ndani ikavuma vilevile, haipandi wala haishuki. Waombolezaji wakasogea mlangoni kutazama. Nilichosoma darasani kilikuwa sebuleni kwetu, kitu kilichotangulia ziwa, kikatangulia na jua, kikivuma kama hakijali nani amefiwa.

Mama akauachia mlingoti.

"Basi si mwanangu," akasema, akaanguka chini akilia. Hicho ndicho kilichokuwa kilio chake cha kwanza tangu Masanja azame. Jioni akaomba uji, na kesho yake wazee wakazika nguo za Masanja badala ya mwili, tukafunga matanga.

Sasa nisikilize vizuri kabla hujavuka ziwa. Usimcheke anayeogopa, wala usimnyang'anye anachokishikilia kabla hujampa kingine cha kushika. Ukimfundisha mtu jambo kubwa, mwachie nafasi alikague kwa mikono yake. Elimu isiyokaguliwa ni umbea tu, hata ukitoka chuoni. Nawe ukiambiwa, uliza, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ila usidhani ukweli huja na zawadi kila mara. Kwa mama yangu ulikuja na msiba, akaupokea, akaishi.

Mungu akupe masikio mazuri, mwanangu, na kifua cha kubebea utakachosikia. Uvuke maji haya na urudi. Na ikiwa yatakutaka, Mungu apishe mbali, basi yasikufiche kama yalivyomficha Masanja. Mama yako akuone.