Dédicace Tatu kwa Mémoire Moja

Mi njo mukosaji, hakuna mwingine. Mucheke tu, lakini mucheke pole pole, sababu ingali inauma.

Nilisoma master ya comptabilité, kazi ya hesabu ya feza, hapa Kisangani. Mwisho unaandika mémoire, kile kitabu cha kumaliza masomo, na mbele yake kuna page moja ya dédicace: unataja mutu mwenye unatolea kazi yako. Ah, ile page! Iliniua.

Papa yangu, baba muzazi, anavua samaki ku maporomoko ya Wagenia, hakusoma hata mwaka moja. Alitaka kuona jina yake ndani ya kitabu mara moja tu mbele ya kufa. Yaya Georgette, dada yangu mukubwa, aliniletea pondu, majani ya muhogo ya kupika, ku campus kila dimanche kisha misa, miaka yote. Alafu kuna tonton, mudogo wa papa, mukubwa wa comptabilité kwa kampuni moja ya mbao. Yeye alisema wazi: "Mutoto, nafasi ya kazi iko. Lakini nataka kwanza kuona utashukuru nani."

Bon, nikajiona mwerevu! Nikachapisha mémoire mara tatu, kila moja na dédicace yake. Kila mutu nikamupa yake kando, nikamunongoneza: "Ni wewe peke yako." Papa akalia. Mi pia nikalia, muongo mukubwa mi!

Siku ya sherehe sasa. Défense, kutetea mémoire mbele ya walimu wa jury, nimeshinda, wamenimwangia poudre ya furaha mpaka kichwa nyeupe, watu wanacheza. Tonton akasimama na kitabu chake, akakohoa, akasoma kwa sauti: "Kwako tonton wangu, peke yako..."

"Soma muzuri," papa akasema. "Pale wameandika jina yangu."

"Hapana, mukubwa. Iko yangu."

Papa akafungua mufuko ya plastiki, njo mule anafungia kitabu chake maji isikiharibu. Yaya akatoka jikoni na chake, kina mawese juu. Yesu wangu! Muziki ikazimwa.

Tonton akapanga vile vitabu vitatu ku meza, akavaa miwani, akachunguza kama yuko ku bureau yake ya kazi. Titre moja ku jalada. Tarehe moja. Majina tatu.

"Mutoto, mémoire yako inasema juu ya nini?"

Alijua! Inasema kampuni yenye kuonyesha kila mutu kitabu tofauti cha hesabu haifai kuaminiwa. Niliandika chapitre nzima juu ya ile, jury wakanipigia makofi.

"Basi ujibu mwenyewe kama naweza kukupa vitabu vya kampuni," akasema, akavua miwani. Kazi ikaenda pale pale.

Leo niko nauza samaki ya papa, mi na master yangu. Yaya alinisamehe, lakini pondu imekatika. Papa hakunigombeza hata kidogo, na ile njo inaniuma zaidi. Angali anaonyesha wageni kitabu chake, lakini akifika ku page ile, ananigeukia: "Angalia tena, mutoto. Leo jina iko ya nani?"

Wadogo zangu wenye mungali munasoma, nawaomba! Kama watu watatu walikubeba, andika wote watatu, hata tonton akinuna. Nilirudia kuangalia ile page: mustari moja juu, alafu nyeupe mpaka chini. Nafasi ilikuwa!