Bati la Mashavu

Mwaka 1999 mama yangu Mashavu alitumia miezi minne kulichafua bati moja, na bibi yangu akalisafisha kwa asubuhi moja. Mpaka leo nikikumbuka nakereka.

Hapa Salale, kiangazi, visima vinageuka chumvi. Wakati ule mjamzito alikwenda kujifungua zahanati na dumu lake la maji yaliyonunuliwa Kibiti, na asiyekuwa nalo alioshwa kwa maji ya chumvi. Mama alikuwa mfagiaji pale, akachoka kuyaona hayo. Akawa nyumbani anachemsha maji ya mto, nayo yameingiliwa na bahari, kwenye sufuria la harusini, juu yake bati limeinamishwa, na juu ya bati gunia bichi la kulipooza. Mvuke ukigusa bati unakuwa maji matamu, yanateremkia kwenye ndoo.

Tabu ni kwamba yalitoka kidogo mno. Yalitanda upande wa chini wa bati, yakang'ang'ania palepale, mvuke uliofuata ukakosa pa kugusa. Mama akatazama jani la gimbi, tone linavyoviringika bila kulilowesha, akasema hata bati litaweza. Akalipaka nta ya nyuki ya Ngarambe upande wa chini, akalifukiza moshi, akapaka tena, akafukiza tena. Likawa jeusi, baya hasa, lakini matone yaliporomoka yenyewe na ndoo ikajaa upesi mara mbili.

Habari zikamfikia Bwana Husseini, mtaalamu wa mradi mmoja wa maji. Alimweleza mama kwamba wenzake wamelitazama jani kama lile kwa hadubini, wakaona limejaa vinundu visivyoonekana kwa macho. Akaahidi kuja kupima. Bati likijaza ndoo kwa saa moja, zahanati itapata mabati ishirini na majiko yake.

Siku yenyewe mama alitoka mapema kutafuta kuni. Bibi Sijaona, mkwe wake, akaona aibu mgeni aonyeshwe masizi. Akalishusha bati, akalisugua kwa mchanga, majivu na maji ya moto mpaka likang'aa. Mama anarudi, boti ya mgeni imeshatia nanga.

"Nani kagusa bati?"

"Mie, mwanangu. Nimekusitiri."

Angemjibu nini mkwewe mbele ya mgeni? Mimi ningepiga kelele. Yeye aliwasha moto. Saa ikapita, ndoo haikufika hata robo. Akaeleza habari ya nta na moshi, Bwana Husseini akasikiliza kwa adabu huku akiyatazama maji ya mto yanavyokupwa, boti isije ikakwama, akaandika mistari miwili, akausifu usafi wa nyumba, akaondoka. Mabati yakaenda kwingine.

Jioni bibi alikaa kibarazani, vidole vimechubuka kwa mchanga.

"Si amekusifu?" akauliza.

"Amenisifu, mama," mama akasema, akampaka mafuta ya nazi kidole kimoja kimoja.

Bibi alifariki akiamini kwamba siku ile alimwokoa mkwewe, na mama alitukataza kumwambia vinginevyo.