Kahawa Isiyotafunwa

Mkono wangu ni mwepesi, sina haja ya kuficha. Nilianza kupiga wenzangu kabla sijajua kusoma, na leo ni mwalimu hapa Nyakakika, mkono bado mwepesi vilevile. Kwenye vikao vya wazazi ni mimi ninayesimama kusema kwamba mtoto asiyejua kujizuia hawezi kujifunza, hata awe na akili kiasi gani. Wazazi wananipigia makofi. Nyumbani nilikuwa napiga makofi ya aina nyingine.

Binti yangu alikuwa darasa la kwanza. Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, ndicho alichoanza kusema, na midomoni mwetu l na r ni kitu kimoja, basi kitabuni "mlango" ukawa "mrango". Mimi mwenyewe nilichekwa kwa hilo nikiwa chuo cha ualimu hadi nikatamani kufunga sanduku nirudi nyumbani. Niliapa mwanangu hatachekwa. Kila alasiri nilipokuwa namenya ndizi, yeye alikaa kwenye kigoda na kitabu, na mimi mwiko ukiwa karibu.

Siku hiyo sentensi ilikuwa "Baba analima." Akasoma "anarima". Nikamrudisha. Anarima. Nikampiga mwiko begani. Anarima. Nikampiga mgongoni, halafu mikononi, mpaka kitabu kikaangukia kwenye maganda. Akaanza kulia, na kile kilio ndicho kilichonipandisha hasira kabisa.

"Nyamaza! Nimesema usirie!"

Akanyamaza. Alimeza kilio chote, kifua kikipanda na kushuka, akapangusa kamasi. Kisha akasema polepole, kama anayenisaidia:

"Mama, ni usilie."

Alikuwa ameipata l. Sijui mwalimu gani asingefurahi. Mimi nilimpiga kofi la mdomo. Jino la mbele, lililokuwa linalegea, lilidondoka na damu yake ndani ya sufuria ya maji yenye ndizi nilizomenya. Nikamwaga yale maji, nikaosha ndizi upya, nikapika, tukala. Niliona aibu hata ya kumtazama.

Baada ya hapo hakusoma tena, si kwangu wala shuleni. Muhula ulipoisha, mwalimu wake, ambaye meza yake iko karibu na yangu ofisini, aliniambia kwa upole kwamba pengine mtoto arudie darasa, akili yake ni nzito. Sikuthubutu kumwambia kwamba mtoto huyo anajizuia kuliko sisi wote wawili, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kujizuia hata kusoma.

Mama yangu, tunayepakana naye shamba, aliuliza lile jino limeenda wapi. Nikamwambia ukweli. Hakunifokea. Alifungua kikapu kidogo cha kahawa kavu za kutafuna, zile tunazowakaribishia wageni, akanipa punje moja.

"Weka mdomoni, mwarimu. Mtoto akisoma, usiitafune. Ukiitafuna, kitabu kifungwe. Unafikiri mimi niriwezaje kukurea wewe bira kukuua?"

Nilimweleza binti yangu sheria hiyo. Siku tatu alikaa kimya na kitabu mapajani, akilitazama shavu langu. Siku ya nne akasoma sentensi moja. Wiki iliyofuata akasoma ukurasa mzima, na mimi nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nilijiona nimepona.

Halafu alasiri moja akafika kwenye "Mtoto analala."

"Mtoto anarara."

Taya lilibana lenyewe. Kahawa ikapasuka katikati ya meno, na nikajua amesikia. Sikuinua mkono. Nadhani hata nilijaribu kutabasamu.

Binti yangu akafunga kitabu, kama sheria ilivyosema. Akakiweka mbali na maganda kisije kikachafuka. Kisha akafumba macho, akabana midomo kufunika meno, akaniinulia uso, akangoja.