Kamba ya Katani Kiunoni

Juzi nilikwenda Nkende kumwona binti yangu, nikamkuta amekaa mlangoni analia. Mjukuu wangu wa kike yuko juu ya banda la kuku. Shikamoo yake ilinifikia kutoka huko huko juu. Walikuwa wametoka hospitali. Daktari amesema mtoto hana jeuri, ni kichwa chake ndicho hakitulii, amezaliwa hivyo. Hali yenyewe ina herufi za Kizungu, usiniulize, mimi shule niliishia darasa la pili.

"Mama, ni mimi nimemharibu?" binti yangu akauliza, wakati daktari alishamwambia siyo yeye. Ila mtoto wa namna hiyo, alimwambia, anahitaji sana mtu wa karibu asiyemchoka. Mtu huyo nilikuwa naye mimi utotoni, nikamwacha.

Kwetu ni Matongo. Siku hizi ukiitaja watu wanawaza dhahabu tu, lakini nilipokuwa mdogo kwetu ilikuwa wimbi, yaani ulezi, mihogo na ng'ombe. Uji wa wimbi ule, ukiachwa uchachuke kidogo, ukinywa asubuhi unasahau njaa mpaka jua linageuka. Siku hizi wanapika mweupe kama maji ya kunawa. Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, kutotulia. Nikitumwa maji narudi na panzi, ndoo nimeisahau mtoni. Nikiachiwa chungu kinafurika mpaka moto unazimika. Mwalimu alinichapa hadi akachoka yeye. Na shangazi yangu, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Kenya, kila akija alisema, "Nipeni huyu, mimi nitamnyoosha." Baba alikuwa tayari. Mama akakataa.

Basi mama akachukua kamba ya katani, ile ya kufungia ndama wakati wa kukamua, akanifunga kiunoni, ncha ya pili akajifunga yeye, tukaenda kupalilia. Kamba ilikuwa ndefu. Niliweza kufukuza vipepeo na kuchokoa mashimo ya fuko. Nikifika mwisho naivuta, naye bila kuinua mgongo anavuta kidogo kwake. Nikavuta, akavuta, mchana kutwa. Wala hakuwahi kuguna. Na nikuambie, ni kwenye shamba lile tu nilikoweza kumaliza mstari mzima wa palizi.

Kulikuwa na jirani yetu mmoja, mama mwenye mdomo. Akipita na kuni kichwani lazima aseme: "We mama, huyo ndama wako tutamkamua lini?"

"Akizaa nitakuletea maziwa!" mama anamjibu, wanacheka mpaka kuni zinayumba.

Lakini mimi nilikuwa nakua, na kicheko kile kikaanza kuniuma. Watoto wa shule wakiniona wakawa wanalia kama ndama. Siku moja shangazi alipokuja nilimkimbilia nje ya boma, nikamwambia, "Nichukue." Kamba bado iko kiunoni, na mama yuko upande wa pili wa kamba anasikia.

Mama hakugombana. Fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno. Halafu akaikunja kamba polepole, kama mtu anayekunja nguo ya kanisani.

Kwa shangazi nilinyooshwa kweli. Nilijifunza kukaa. Kichwa kiliendelea kukimbia vile vile, ila sasa kilikimbia peke yake.

Niliporudi nilikuwa mtu mzima, mtoto mgongoni. Mama alinifutia kiti kwa kanga, akaniuliza habari za safari, akanipa chai kwenye kikombe cha wageni. Nilitaka kumwambia neno. Nikaongea habari za mvua. Akafa tukiwa bado tunaheshimiana hivyo.

Shamba la wimbi sasa ni vifusi vya mawe ya wachimbaji. Hata nikitaka kumwonyesha mjukuu, pa kusimama sina.

Siku ile ya Nkende nilimwambia tu binti yangu amteremshe mtoto bila kumpigia kelele. Akashuka, akashika ncha ya kanga yangu, akavuta. Mkono wangu ukavuta kabla sijawaza. Akacheka, akavuta tena.

"Mama, mchezo gani huo?" binti yangu akauliza.

Nami nikavuta. Yeye habari za kamba hazijui; mama yangu alimjua tu kama bibi mpole aliyekuwa akitutolea kikombe cha wageni.