Birika na Cherehani

Alhamisi, tarehe 8 Desemba. Baridi kali, theluji imeshuka mpaka kwenye mashamba ya matufaha.

Ndani ya ukumbi wa kuhesabia kura, Kesru, wakala wa Mheshimiwa, alimtazama mgombea wake akitafuna iliki na kusokota pembe ya shali kwa vidole vyake vinene, kama afanyavyo kila matokeo yanaposubiriwa. Ameingia bunge la jimbo mara tatu bila chama, na kwa kuwa mgombea wa namna hiyo hupewa alama mpya ya kupigiwa kura kila uchaguzi, alishinda kwa feni, kisha kwa ndoo, kisha kwa cherehani. Safari hii amepewa birika. Cherehani imemwangukia mpinzani wake.

Mashine za kura za vijiji vya juu ziliposomwa, cherehani ikafurika kura.

“Bibi zako wa mlimani wamekumaliza!” mpinzani alimcheka. “Wamekupigia wewe, nimekula mimi!”

“Kula taratibu, ndugu yangu, bondeni bado,” alijibu kwa ile sauti yake ya kukwaruza, huku shali ikizidi kusokotwa.

Ikasomwa duru ya mwisho, ya bondeni. Birika limeshinda kwa kura sitini! Kesru aliruka juu ya kiti, ngoma zikalipuka nje, mashada ya maua yakamfunika Mheshimiwa mpaka puani.

Asubuhi yake alipanda mlimani kwa miguu, Kesru nyuma yake. Vikongwe wakamzunguka kwa vigelegele: “Tulikupigia sote, mwanetu! Cherehani oyee!” Kesru akafungua mdomo. Mheshimiwa alimkanyaga mguu, kisha akainama kuwagusa bibi hao miguu kwa heshima, mmoja mmoja, akiwashukuru kwa kura zao.