Betri Nyepesi za Mwalimu Rehema

Darasa la saba sikumaliza, lakini kwa betri, Kariakoo nzima wananijua. Ndiyo maana yaliyonikuta juzi yananiuma.

Mwalimu Rehema, mpenzi wa mitambo ya redio, aliniletea kifaa kinachotuma mawimbi kuonyesha kilipo, nikifungie betri alizonunua mwenyewe. Nikazipima kiganjani: nyepesi kama maganda ya karanga! Kwetu sokoni betri nyepesi ni feki. Nikajua kifaa ni cha kufunga kwenye gari lisiibwe, nikamwekea zangu nzito kimyakimya.

Jumamosi, kwa mwaliko wa mwalimu, nikaenda viwanja vya Mnazi Mmoja na wenzangu wa dukani kukiona kikijaribiwa, natamba njia nzima: "Bila mimi hakirushi mawimbi kile!"

Tukamkuta mwalimu na wanafunzi wake wameshika puto kubwa la gesi. Chini yake kinaning'inia kifaa. Kumbe si cha gari, ni cha kupaa!

Wakaachia. Puto likapanda hadi magotini, likatua. Wakalisukuma, likatua tena.

"Bosi, mbona linachechemea?" mwenzangu akanong'ona.

Mwalimu akafungua kifaa, akanigeukia. "Mzee Shaweji, shikamoo. Betri zangu nyepesi ziko wapi?"

"Marahaba, mwalimu. Nilizitupa. Nilidhani wamekuuzia feki."