Gari Moshi Lililopewa Saba

Mwanne hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema, kwa sababu huko mbele utataka kumkasirikia, na mimi ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumkasirikia. Cherehani yangu ilikaa barazani mkabala na mlango wake, pale mtaani Buyenzi, Burundi, kwa hiyo mengi ya mambo haya niliyaona kwa macho yangu. Yaliyonipita nilisimuliwa, maana mtaa wetu haujui kunyamaza.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule mtaa wa Cibitoke mpaka vita vilipoingia mitaani na shule ikafungwa. Siku hiyo alitembea mpaka kwao Buyenzi na kifurushi kichwani, na kazi ya serikali hakuirudia tena. Alikasirika, na Mwanne akikasirika hakuna wa kumbembeleza. Baadaye kaka yake Huseni, aliyekuwa na chumba cha michezo ya televisheni, alikimbilia Kigoma na kumwachia vyote: televisheni mbili, mashine mbili za pleistesheni, na sanduku la CD. Watu walidhani atauza. Yeye akachukua ubao mweusi uliookolewa shuleni, akautundika nje mlangoni, akaanza kusahihisha.

Ndiyo, kusahihisha. Kila CD iliyoingia aliicheza yeye kwanza, peke yake, mlango umefungwa, mpaka mwisho. Kisha aliipa alama juu ya ishirini, kama daftari la hesabu, na neno la mwalimu chini yake. Mpira wa msimu mpya ulipata kumi na nne: wanakimbia vizuri lakini kipa amelala. Magari ya mbio yalipata kumi na mbili, barabara safi, ila gari halitaki kukata kona. Mchezo wa ngumi ulipata kumi na moja kwa kelele. Ule wa maiti wanaotembea ulipata tisa, na kwa kuwa mwanafunzi aliyekosa kumi katika shule zetu huitwa deuxième session kufanya mtihani upya, nao ulipelekwa deuxième session. CD ilikaa kabatini mwezi mzima, kisha Mwanne akaicheza tena, akaipa tisa tena, na hakuna aliyeigusa.

Alama za juu hakutoa. "Ishirini ni ya Mungu," alisema, "kumi na tisa ya mwalimu, na kumi na nane ya mwanafunzi ambaye bado hajazaliwa."

Vijana walimwamini. Miaka ile kijana wa Kamenge na kijana wa Ngagara, mitaa iliyotenganishwa na vita, hawakuwa na mahali pengi pa kukaa benchi moja. Kwake walikaa, na walichogombania ni manette tu, kile kidude cha kuchezea. Walisoma ubao kabla ya kusalimia. Shule ilikuwa imemtoka Mwanne, kaka alikuwa amemtoka, mume hakuwa na subira naye, akaondoka. Lililobaki ni neno lake, nalo liliandikwa kwa chaki.

Basi mwaka 2002 akaja Armel.

Alifungua chumba chake kwenye kona, avenue ile ile yetu. Kuta za buluu, feni, na televisheni kubwa aliyopewa na mjomba wake wa Kiriri, mtaa wa matajiri. Naye alitundika ubao. Mpira, ishirini. Magari, ishirini. Maiti wanaotembea, ishirini, na nyota pembeni. Kabla ya kufungua alikuja kusalimia kwa adabu, mikono miwili.

"Mwalimu, mi ni Armel. Ulinifundisha Cibitoke, mwaka wa tano."

"Nakukumbuka," Mwanne akasema. "Ulikuwa unakaa ku dirisha. Ulirudia mwaka."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na kwako kila kitu iko ishirini?"

Armel alicheka kidogo, akaangalia viatu vyake, akaaga. Mwanne akanigeukia. "Kizuri chajiuza, Adija. Kibaya ndicho chajitembeza na nyota pembeni."

Lakini vijana walienda. Feni ni feni. Mwanne alianza kukaa mlangoni na kazi ya uongo mkononi, mara mchele wa kuchagua, mara kanga ya kukunja, huku macho yakiwa kwenye kandambili zilizorundikana mlangoni kwa Armel.

"We Adija, enda kidogo uone kama wako wengi."

Nilienda. Nilirudi nikamwambia wako wachache. Mungu anisamehe, walikuwa wamekaa mpaka dirishani.

Kilichommaliza kabisa ni mchezo wa gari moshi. Armel aliitoa CD ile Quartier Asiatique, mtaa wa maduka, katika katoni ya mabaki ambayo mfanyabiashara alikuwa karibu kuitupa. Haikuwa na bunduki wala mpira. Wewe ni dereva wa gari moshi katika nchi iliyoharibika, na watu wanapanda na vifurushi vyao, kila mmoja akikutajia kituo cha kwao. Kazi yako ni kuwafikisha. Hilo tu. Sisi Burundi hatuna hata reli, lakini mtaa mzima uliugua gari moshi. Vijana walilizungumza, mama zao wakalizungumza, wateja wangu walisahau vipimo vya magauni wakabishana kuhusu makaa. Hata Moubarak, fundi magari, mtu mzima mwenye hija moja, alifunga gereji mapema ili awahi benchi.

Mwanne alisikia yote hayo kutoka upande wa pili wa barabara. Kilichomuuma si wateja. Watu walikuwa wakisifu kitu ambacho yeye hakukisahihisha.

Asubuhi moja nikamwona ameshika chaki. Aliandika kwa ule mwandiko wake mzuri wa shule: *Gari moshi la kwenye kona: 7. Mchezo wa watoto. Hakuna adui, hakuna mashindano, mchezaji analala.*

"Umecheza lini, Mwanne?" nikamwuliza.

"Mwalimu anajua daftari chafu akiwa mlangoni."

Na ubao ulifanya kazi. Hilo ndilo lililoniudhi, ulifanya kazi vizuri sana! Vijana walisoma saba, wakashangaa, lakini mwalimu hajawahi kukosea, basi labda wao ndio hawakuona vizuri. Mlangoni kwa Armel kandambili zikapungua. Gari moshi likasimama. Armel alikaa ndani chini ya feni yake, na alipopita kwetu alimwamkia mwalimu kama kawaida. Mwanne alianza kuimba akifagia. Sijui kama umewahi kumsikia mtu akiimba kwa furaha isiyo yake, ni sauti inayokera.

Njia ya mwongo ni fupi. Ijumaa, watu wametoka msikitini, Moubarak alisimama mbele ya ubao na kanzu yake safi. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amekwama tu.

"Mwalimu, unisaidie. Pale ku daraja, we ulifanya je?"

Mwanne hakufikiri. "Nilipita tu."

"Ulipita na gari moshi?"

"Sasa ningepita na nini, baiskeli?"

Vijana waliokuwa barazani wakatazamana. Kila aliyewahi kucheza mchezo ule alijua kwamba daraja limevunjika. Hakuna anayepita na gari moshi, hata awe bingwa. Ukijaribu, unaanguka mtoni na abiria wako wote. Moubarak aliinamisha kichwa kwa aibu ambayo haikuwa yake.

"Mwalimu," akasema polepole, "iyo mchezo we haujacheza."

Kijana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma: "Deuxième session, mwalimu!" Na mtaa wote ukacheka. Walicheka kama watu waliokuwa wakiisubiri nafasi hiyo tangu shule ya msingi.

Tangu hapo hakuna aliyesoma ubao. Mpira mpya uliingia, Mwanne akaucheza usiku na mchana mpaka macho yakachoka, akaupa kumi na tano ya haki kabisa, na watu wakapita wakitazama mbele. Akafunga mlango. Nilivumilia, kisha nikavuka barabara na sahani ya maharage, nikamkuta amekaa kwenye benchi la wateja, televisheni imezimwa.

"Wivu ni kidonda, Mwanne."

"Najua kama ni kidonda. Iko kwangu, haiko kwako." Kisha akayatoa yote. "Ninamuonea wivu, Adija. Ninamuonea mpaka mate inakuwa chungu. Mi niliwapa kweli, yeye anawapa sukari, na wanamupenda yeye. Mutoto niliyemurudisha mwaka!"

Nilimwachia maharage.

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, Mwanne alijifunga mtandio, akatembea mpaka kwenye kona mbele ya macho ya kila mtu, akavua kandambili zake akaziweka pamoja na nyingine. Nilimfuata, kazi ingengoja. Alilipa kama wote. Armel aliruka akitaka kuwaondoa vijana kwenye benchi.

"Apana," Mwanne akasema. "Nitangoja zamu yangu."

Alingoja. Kisha alicheza, siku ile na zilizofuata, mpaka umeme ulipokuwa ukikatika. Mwanzoni alicheza kama anayetafuta makosa, akinung'unika: moshi unatoka vibaya, mlima hauna kivuli. Halafu akaacha kunung'unika. Alijifunza kupunguza mwendo kwenye kona ili mzee wa behewa la mwisho asiangushe mbuzi wake. Alijua nani anashuka wapi.

Akafika kwenye daraja. Alijaribu kupita kwa kasi, akaanguka. Alijaribu polepole, akaanguka. Hakuna aliyemwelekeza, hata Moubarak alijiziba mdomo kwa kiganja. Mara ya tatu alisimamisha gari moshi kabla ya mto, akakaa akiangalia kioo. Kisha akabonyeza kitufe, milango ikafunguka, na abiria wakashuka wote, wakapandisha vifurushi vichwani, wakaanza kuvuka maji kwa miguu. Gari moshi likabaki nyuma. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa.

Mwanne alikuwa amewahi kutembea hivyo, toka Cibitoke. Alishika manette bila kuisogeza kwa muda, na mimi nilitazama ukuta wa buluu.

Mwisho wa mchezo kila abiria anaingia kwao, na taa inawaka dirishani. Moja baada ya nyingine, mpaka kijiji kizima kinang'aa. Dereva anabaki nje, hana nyumba.

"Dereva, juu ya nini hawakumupa nyumba?" Mwanne akauliza, bila kumgeukia mtu.

"Na mi nilijiuliza ivyo, mwalimu," Armel akajibu.

Asubuhi Mwanne alifuta ubao wake wote kwa maji, akaandika: *Gari moshi: 18.* Chini yake alieleza: picha za kawaida, muziki mzuri, moshi bado unatoka vibaya, lakini mchezo huu unakufundisha kwamba kufika na kushinda si kitu kimoja. Halafu, kwa herufi zile zile, bila kuzipunguza: *Saba ya kwanza ilitolewa na mtu ambaye hakuwa amecheza. Mchezo uko kwa Armel, kwenye kona.*

Kumi na nane! Habari ilifika gereji kabla chaki haijakauka. Watu walikuja kusoma kwa macho yao, na waliposoma wakaenda kwenye kona, wote, hata wateja wa Mwanne wa kila siku. Chumba chake kilibaki na mijusi. Usifikiri wivu ulikufa hapo. Alikaa mlangoni akichagua mchele uliokwisha kuchaguliwa, uso umemvimba, akihesabu kandambili za watu.

Alasiri Armel alikuja. Alisimama mbele ya ubao kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama wanavyosimama watoto.

"Iyo alama ni ya mchezo," Mwanne akamwahi. "Haiko yako."

"Najua, mwalimu. Lakini ile katoni ilikuwa imejaa, na kila mutu aliipita. Mi niliichagua."

Mwanne akaacha mchele. "Wewe kwako kila kitu ni ishirini. Ulijuaje kama iyo iko nzuri?"

"Iyo moja tu ndiyo niliona nzuri kabisa. Zingine…" Akakuna ndevu. "Zingine nilizipa ishirini juu mi najua vile inauma kupewa nne."

Nilisimamisha cherehani. Mwanne alimtazama kijana yule, na nadhani alikuwa akimwona pale dirishani, mwaka wa tano, na daftari lenye wino mwekundu. Hakuomba msamaha. Mwanne si wa hivyo, na yeye Armel hakuja kuutafuta. Aliinuka, akachukua chaki, na kwenye pembe ya chini ya ubao akaandika: *Armel: 10.*

"Umepita," akasema. "Bila pongezi."

Armel aliisoma. Aliisoma tena. Mwanaume mzima, ana televisheni kubwa kuliko zote Buyenzi, akatoa leso akajifuta macho hadharani, akasema, "Asanti, mwalimu," akaenda zake.

Jioni mawingu yalipanda kutoka ziwani, na chaki na mvua hawajawahi kupatana. Tukamwona Armel anarudi mbio na nyundo na kipande cha nailoni. Alikipigilia juu ya ile pembe ya ubao, kwa uangalifu, misumari minne, akaondoka matone yakianza. Mwanne alikuwa dirishani. Hakumkataza. Alivuta pazia kidogo, akaniita kutoka ng'ambo ya barabara, na ilikuwa sauti yake ile ile ya siku zote:

"Umeona, Adija? Hata nailoni yake iko mupya."